Diwali nilivyoiona kutoka meza ya karani: taa, Lakshmi na daftari jekundu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Kila mwaka, fataki zinapoanza kusikika Upanga na Kisutu mwezi wa Oktoba au Novemba, mtu huuliza hapa Wahindi wanasherehekea nini, naye hujibiwa kwa sentensi moja kwamba ni sikukuu yao ya taa. Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka kumi na mmoja katika duka la jumla la mzee mmoja Mhindu mwenye asili ya Gujarat, hapa hapa Dar es Salaam, na nimeona kwa macho yangu mambo ambayo sentensi hiyo moja haiyabebi. Mzee huyo sitamtaja jina, kwa kuwa ametangulia na sikuwahi kumwomba ruhusa. Ninachotaka kueleza ni kwamba kwa watu wa biashara Diwali ni siku ya kufunga hesabu ya mwaka, na taa huwashwa ili Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, aione nyumba iliyosafishwa na daftari lililonyooshwa. Hizo fataki ni ganda la nje.

Nianze na wakati wake. Jina linatokana na neno la Kisanskriti dipavali, yaani safu ya taa, na sikukuu huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, wakati wa kiza totoro kabla mwezi mpya haujaandama. Waliozoea kuutazama mwezi kwa ajili ya Ramadhani watajiuliza kwa nini basi Diwali haizunguki mwaka mzima. Kalenda ya Kihindu nayo huhesabu miezi kwa kuandama kwa mwezi, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo hupungukiwa siku kama 11 kuufikia mwaka wa jua, lakini kila baada ya miezi 32 au 33 hivi huongezwa mwezi mzima wa ziada ili sikukuu zirudi kwenye majira yake. Ndiyo maana Diwali ya 2023 ilikuwa tarehe 12 Novemba, ya 2024 ikarudi nyuma hadi 31 Oktoba (wengine wakaiadhimisha 1 Novemba), ya 2025 ikawa 20 Oktoba, na ya 2026 inaangukia 8 Novemba, kwa sababu mwaka huo una mwezi wa ziada kati ya Mei na Juni.

Majira hayo yana maana yake. Kusi, ambalo kwetu ni upepo wa kurudisha vyombo kaskazini, ndilo linaloipelekea India mvua zake kubwa kuanzia Juni hadi Septemba, na kwa miezi hiyo bandari za magharibi mwa India zilikuwa hazipitiki kwa vyombo vya tanga. Diwali inapofika, mvua zimekwisha, mazao yamevunwa na bahari imetulia. Mfanyabiashara wa Mandvi, Mundra au Porbandar alifunga daftari la mwaka, akaweka lingine jipya, kisha akapakia nguo kwenye makotia na majahazi na kusubiri kaskazi kuyaleta Lamu, Mombasa na Zanzibar. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya wafanyabiashara ya Bhatia kutoka Mundra, ndiyo iliyokodi forodha ya Sultani wa Zanzibar, yaani haki ya kukusanya ushuru wake, kwa miongo kadhaa ya karne ya 19. Nasi tukapokea zaidi ya nguo, maana tunaposema laki, hundi, bima au gari, tunatumia maneno ya hao waliofunga hesabu zao usiku wa Diwali.

Sasa nieleze siku zenyewe, nikifuata desturi za Wagujarati ambazo ndizo nilizoziona.

Kazi huanza wiki mbili au tatu kabla. Nyumbani kila kitu hutolewa nje, kuta hupakwa rangi, vyombo vya shaba husuguliwa hadi ving'ae. Dukani tulikuwa tukishusha bidhaa zote kwenye rafu, tunafuta vumbi, tunahesabu kilichopo, na kile kilichooza au kuvunjika tunakiandika kama hasara bila kukificha nyuma ya rafu. Wahindu husimulia kwamba Lakshmi ana dada mkubwa, Alakshmi, ambaye ni mkosi, naye hukaa palipo na uchafu, ugomvi na njaa. Wawili hao hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo ufagio wa siku zile ni chombo cha heshima: hununuliwa mpya, haupigwi teke, wala hausimamishwi ovyo mlangoni.

Siku ya Dhanteras ndiyo inayofungua sikukuu. Dhan ni mali, teras ni kumi na tatu, kwa kuwa ni siku ya kumi na tatu ya nusu ya mwezi unaopungua. Husimuliwa kwamba miungu na mashetani waliisukasuka bahari ya maziwa wakitumia mlima Mandara kama mchi na nyoka Vasuki kama kamba, na katika yale yaliyotoka humo alikuwamo Lakshmi mwenyewe, na Dhanvantari, tabibu wa miungu, akiwa na chungu cha kinywaji cha uzima. Ndiyo sababu siku hiyo watu hununua chombo cha madini. Mwenye uwezo hununua dhahabu au fedha, na asiye nao hununua sufuria au hata kijiko cha chuma, nacho kinatosha. Jioni sarafu za nyumba huoshwa kwa maziwa na kupangwa mbele ya picha ya Lakshmi. Taa moja huwekwa nje ikielekezwa kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti, ili asiingie humo kabla ya wakati.

Siku inayofuata, Kali Chaudas, nitaipita haraka isipokuwa kwa jambo moja nililolipenda. Wanawake wa nyumba hukaanga bajia za dengu, wakaziacha njia panda pamoja na maji kidogo, na kurudi bila kugeuka nyuma, kwa nia ya kuyaacha huko manung'uniko ya mwaka mzima. Sisi watu wa huku tunaojua njia panda ina uzito gani, hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Ndipo unapofika usiku wenyewe. Jua likishazama, vijitaa vya udongo vyenye utambi wa pamba uliolowa samli au mafuta hupangwa kwenye kizingiti, ngazi, madirisha na ukuta wa nje. Sakafuni mbele ya mlango huchorwa rangoli, mapambo ya unga wa rangi, na kutoka kizingitini kwenda ndani huchorwa nyayo ndogo za Lakshmi kwa unga wa mchele au unga mwekundu. Niliziangalia nyayo hizo mara nyingi. Zote huelekea ndani, hakuna hata mmoja unaoelekea nje, na zikifika ndani hukoma penye kasha la fedha au penye picha ya ibada. Mlango huachwa wazi na taa haizimwi, kwa imani kwamba yeye hupita usiku huo nyumba kwa nyumba.

Kwa mfanyabiashara, ibada iliyo kubwa kuliko zote usiku huo ni Chopda Pujan, yaani ibada ya madaftari, na hapa naomba mnivumilie niende polepole.

Daftari la Kigujarati, chopdo, ni refu, karatasi zake zimeshonwa katikati, jalada lake ni kitambaa chekundu na hufungwa kwa kamba. Mzee aliliweka jipya juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, pembeni ya picha za Ganesha, Lakshmi na Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Alianza na Ganesha kwa sababu ndiye mwondoa vikwazo, na bila yeye hakuna kinachoanzwa. Kisha akachovya kidole cha pete kwenye unga mwekundu uliolowana maji, akachora juu ya jalada ile alama ya msalaba wenye mikono iliyopinda, ambayo kwao ni alama ya heri tangu zamani za kale, maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaiiba na kuichafua. Ukurasa wa kwanza akaandika neno Shri mara moja juu, chini yake mara mbili, chini yake tena mara tatu, akaendelea hivyo hadi maneno yakawa kama mlima. Upande mmoja akaandika Shubh, yaani heri, na upande wa pili Labh, yaani faida. Juu ya ukurasa huo akaweka jani la tambuu, juu ya jani akaweka popoo na sarafu ya shilingi, akanyunyiza mchele, akaipaka kalamu unga ule ule mwekundu na kuilaza katikati ya daftari. Chumba kilinuka samli na udi. Hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye na mwanawe waliokuwa wakisoma dua.

Miaka yangu ya mwisho pale, kompyuta mpakato iliwekwa karibu na daftari, nayo ikafungwa uzi mwekundu na kupakwa alama kwenye kifuniko. Hesabu halisi zilikwisha kuhamia humo, na kwa mujibu wa sheria mwaka wetu wa hesabu haukuwa na uhusiano wowote na Diwali. Hata India yenyewe mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Aprili. Hata hivyo soko la hisa la Mumbai hufungua kila mwaka kipindi kifupi cha pekee siku ya Diwali, kama saa moja hivi, nao wanunuzi hununua hisa chache kwa ajili ya baraka. Mzee naye aliendelea kununua daftari jekundu kila mwaka, na kurasa chache za mwanzo aliziandika kweli.

Narudi kuendelea, kwa kuwa wachangiaji wameuliza mambo ambayo sipendi kuyaacha hewani.

Ndugu mmoja ameuliza kwa ukali kidogo iwapo hii si kuabudu fedha tu. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba neema inayoombwa ni pana kuliko fedha, maana Lakshmi hutajwa kwa sura nane, na miongoni mwake zimo nafaka, watoto, ujasiri, ushindi na elimu. Tena katika ibada ya daftari hakai peke yake. Saraswati, mwenye elimu na kalamu, yupo pembeni yake, na Wagujarati wengine huiita ibada hiyo kwa jina la huyo wa elimu, Sharda Pujan. Jambo lililonigusa zaidi ni jina mojawapo la Lakshmi, Chanchala, maana yake asiyetulia mahali pamoja. Mzee alinieleza kwamba mali ni mgeni na haina kwake, hivyo kazi ya mwenye nyumba ni kumwekea mgeni mahali safi na kutomdanganya kwenye maandishi. Sisi tuna methali ya Baniani mbaya na kiatu chake dawa, na najua anayeitamka huwa na machungu ya madeni ya kweli, kwa sababu wako wakopeshaji waliowaonea babu zetu kwa riba. Lakini nimeketi kwenye meza ile miaka kumi na mmoja, na nashuhudia kwamba methali hiyo haimtoshi kila mtu.

Dada mmoja ameuliza mbona yeye alisoma kwamba Diwali ni kurudi kwa Rama, yule shujaa wa utenzi wa Ramayana. Yuko sahihi. Kaskazini mwa India sikukuu hii inakumbuka Rama aliporejea mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, nao watu wakamwashia taa njiani. Mji huo sasa huwasha taa kandokando ya mto Sarayu kwa wingi wa ajabu, na mwaka 2024 zilipita milioni 2.5. Kusini husimuliwa ushindi wa mungu Krishna juu ya shetani Narakasura, na watu huoga kwa mafuta kabla ya alfajiri. Bengal usiku huo ni wa Kali, mungu wa kike. Wajaini, ambao wengi wao ni wafanyabiashara wakubwa, wanakumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, alivyofikia ukombozi wa mwisho huko Pavapuri, na Masingasinga wanakumbuka kufunguliwa kwa kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, kutoka kifungo cha ngome ya Gwalior. Kwa hiyo anayekwambia Diwali ina kisa kimoja amekupa kisa cha kwao. Niongeze pia, kwa kuwa naona tunachanganya, kwamba si kila mwenye asili ya India hapa kwetu anaisherehekea kama ibada: Mabohora, Waismailia na Waithnaasheri ni Waislamu, na Wagoa wengi ni Wakatoliki.

Kuhusu fataki nitasema machache. Ni desturi ya furaha, na neno lenyewe tumelipokea kutoka huko huko, lakini moshi wake umeleta shida kubwa Delhi, hata Mahakama ya Juu ya India mwaka 2018 ikaruhusu zile zenye madhara kidogo tu, tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Mimi naunga mkono mpaka wa namna hiyo na huku kwetu. Wazee wagonjwa na watoto wachanga wanateseka, na hakuna sehemu ya ibada inayopungua taa ikiwaka kimya.

Mchangiaji wa Nairobi ametukumbusha kwamba Kenya sheria inaitambua Diwali kama siku ya mapumziko kwa Wahindu. Kwetu Tanzania si hivyo, mtu huomba ruhusa kazini au hufunga duka lake mwenyewe. Nami nimkumbushe kwamba Leicester, Uingereza, kwenye barabara ya Belgrave, hufanyika Diwali mojawapo iliyo kubwa kuliko zote nje ya India, na wengi waliouanzisha mtaa ule ni watu wa Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Wapo wazee kule wanaofungua mwaka kwa Kigujarati na kupatana bei kwa Kiswahili.

Nimalizie siku zilizobaki. Baada ya usiku wa taa huja Bestu Varas, mwaka mpya wa Kigujarati, ambao wakati mwingine huchelewa kwa siku moja kulingana na mwezi. Kwa kalenda yao ya Vikram Samvat, mwaka wa 2082 ulianza tarehe 22 Oktoba 2025. Alfajiri ya siku hiyo, huko Gujarat, chumvi hupitishwa mitaani na kununuliwa kama kitu cha kwanza cha mwaka, kwa sababu bila hiyo hakuna chakula chenye ladha. Watu huvaa nguo mpya, wadogo huinama kugusa miguu ya wakubwa, na salamu yao ni Sal Mubarak. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani mzee ananisalimia kwa lugha yetu, maana mbaraka ni ule ule. Hekaluni hupangwa Annakut, mlima wa vyakula vya kila aina visivyo na nyama, na aliye Nairobi anaweza kuuona kwenye hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, ambalo wageni hukaribishwa. Siku ya Bhai Beej dada humpikia kaka yake na kumwombea umri mrefu, kama Yamuna alivyomkaribisha nduguye Yama. Kisha duka linabaki limefungwa hadi Labh Pancham, siku ya tano ya mwezi mpya, ambapo milango hufunguliwa tena na daftari jipya huanza kazi.

Kuna jambo moja sijalisema, nalo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Wiki mbili kabla ya Diwali nilikuwa natumwa Kariakoo na Mchikichini kudai madeni, na maneno niliyopewa ya kusema yalikuwa yale yale kila mwaka: mzee anaomba tusivuke nayo. Lakini kabla ya kunituma kudai, alikuwa kwanza analipa yeye. Wapagazi, fundi wa rafu, mwenye gari la mizigo, kila mmoja alichukua chake chote pamoja na boksi la ladu na barfi, vitamu vya Kihindi, na mfuko wa chevda, na ukurasa wake ukapigwa mstari.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nimekopa kwake ada ya mwanangu. Alifungua ukurasa wangu mbele yangu kama alivyofungua ya wengine, na mimi nikaleta nusu, nikiwa na aibu kubwa. Hakuniambia kitu. Akaandika nilichotoa, akapiga mstari, akafunga daftari la zamani kwa kamba yake.

Asubuhi ya Labh Pancham nilikuta daftari jipya liko wazi mezani pangu, tambuu lililonyauka bado limelazwa kwenye ule ukurasa wa mlima wa maneno. Akaugeuza ukurasa, akanipa ile kalamu, akasema, "Bwana karani, andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako." Nikaandika tarehe, jina langu na kiasi kilichobaki. Unga mwekundu uliokuwa kwenye kalamu ulinishika vidoleni, na alama ya kidole gumba changu ikabaki pembeni ya ile tarakimu.